UZI: Lupasi na baridi yabisi, tafiti mpya zinasema nini na kipi kinatuhusu sisi leo hii

Bint_Mzizima

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nauweka kwa sababu moja. Kila baada ya muda kwenye magrupu ya wagonjwa inazunguka ile habari ya "Wajerumani wamepata dawa ya lupasi", na hapo hapo watu wanagawanyika, wengine wanaanza kuulizana nauli ya India, wengine wanaacha vidonge eti wanasubiri hiyo mpya ifike. Mdogo wangu wa kike ana lupasi ya figo, kwa hiyo haya mambo nayasoma karibu kila siku na yananiuma nikiona mtu anaacha dawa kwa sababu ya kichwa cha habari. Nitaandika kidogo kidogo, mwenye swali aulize, na madaktari mliopo humu ongezeni nyama.

Kwanza ugonjwa wenyewe kwa kifupi. Kinga ya mwili kazi yake ni kujua nani mwenyeji nani mgeni. Kwenye haya magonjwa inapoteza hiyo akili, inaanza kushambulia mwili wenyewe. Kwenye lupasi inaweza kupiga ngozi, maungio, figo, damu, mapafu, mpaka ubongo. Kwenye baridi yabisi, naongelea ile ya kinga sio goti la uzee, inashambulia utando wa ndani ya maungio na ukiachiwa muda inafika kwenye mfupa. Seli B, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, ndo zinazotengeneza kingamwili, yaani protini za kupiga vijidudu, na kwa wagonjwa wa lupasi kuna seli B zinazotengeneza kingamwili za kupiga vitu vilivyomo ndani ya seli zao wenyewe, ikiwemo DNA. Shikeni hapo kwenye seli B, ndo stori yote ya Ujerumani ilipo.

Bint_Mzizima

Machi 2021, hospitali ya chuo kikuu cha Erlangen, Ujerumani, binti wa miaka 20 mwenye lupasi kali iliyogoma dawa zote alipewa tiba inayoitwa CAR-T. Hii tiba haikubuniwa kwa ajili ya lupasi, ni ya saratani ya damu, Marekani iliruhusiwa 2017. Profesa Georg Schett na wenzake akina Andreas Mackensen wakafikiri, kama inaweza kufagia seli B zenye saratani, basi ifagie na hizi zinazoleta lupasi.

Wanavyofanya: damu ya mgonjwa inapita kwenye mashine, seli T, hizi ni chembe nyeupe nyingine za kinga, zinachujwa, damu iliyobaki inarudi mwilini. Zile seli T zinapelekwa maabara, zinaingizwa jeni kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa, na hiyo jeni inazipa uwezo wa kutambua alama inaitwa CD19 iliyopo juu ya seli B. Zinazalishwa mpaka zinakuwa nyingi sana, mgonjwa anapewa kemo ya siku chache ili kuzipisha nafasi, halafu anarudishiwa seli zake mwenyewe kwa dripu. Mara moja tu.

Matokeo, 2022 walitoa taarifa ya wagonjwa watano, wote ndani ya miezi mitatu ugonjwa ulitulia. Februari 2024 wakatoa ya wagonjwa 15, wanane wa lupasi, watatu wa ugonjwa wa kinga kushambulia misuli na wanne wa ule wa ngozi kukakamaa. Wale wanane wa lupasi wote ugonjwa ulinyamaza na wote 15 waliacha dawa za kushusha kinga, na walikuwa wamefuatiliwa kwa wastani wa miezi 15 hivi. Kwa mtu aliyekaa na mgonjwa wa lupasi hiyo sentensi ya "waliacha dawa" sio kitu kidogo, mimi niliisoma nikalia.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba baada ya miezi mitatu minne seli B zilirudi, na zilirudi changa, zisizo na kumbukumbu ya kuushambulia mwili. Yaani kama mtu kafomati simu. Na kinga ya chanjo za zamani kwa sehemu kubwa ilibaki, kwa sababu seli kongwe zinazotunza hiyo kinga kwenye uboho hazina ile alama ya CD19.

Mtoto_wa_Tabata

Mkuu uzi mzito huu, nimekaa paleee. Swali langu ni moja, kwa hiyo tuseme ni kupona kabisa? Na mbona kuna ile dawa ya rituksimabu nayo si inaua seli B, shangazi yangu alipewa wala hakupona.

Bint_Mzizima

Swali zuri sana. Wenyewe watafiti wanasema ugonjwa umetulia bila dawa, hawasemi umepona, na wako sahihi kwa sababu wagonjwa ni wachache na miaka ni michache. Halafu kwenye hayo makundi ya mwanzo hapakuwa na kundi la kulinganisha, wote walipewa tiba. Sasa hivi kuna majaribio mengi nchi tofauti tofauti ndo yatatupa jibu la kueleweka.

Rituksimabu, majaribio mawili makubwa ya lupasi yaliyotoka 2010 na 2012 hayakufikia lengo, ingawa madaktari wengi wanaendelea kuitumia kwa wagonjwa waliokwama na wapo inaowasaidia. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba inasafisha seli B kwenye damu vizuri lakini zile zilizojificha ndani ya tezi hazifikii zote. Seli T zilizorekebishwa zinatembea zenyewe, zinaingia mpaka huko. Ila wazo la kupiga seli B halijafa, kuna obinutuzumabu ambayo ni ndugu yake mwenye nguvu zaidi, kwenye lupasi ya figo ilifanya vizuri kwenye jaribio lililochapishwa 2025 na mwaka huo huo Marekani wakairuhusu.

Na CAR-T ina hatari zake, tusifichane. Kwenye wale 15, wengi walipata homa ya kinga kuamka, nyingi nyepesi, mmoja nimonia ikamlaza hospitali. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo liwekwe kwenye hizi tiba kwamba kuna wagonjwa wa saratani waliopata saratani nyingine ya seli T baada ya kutibiwa. Kwa mtu anayekufa na saratani hesabu yake ni nyingine, kwa binti wa miaka 22 mwenye lupasi inayodhibitika kwa vidonge hesabu ni tofauti kabisa.

Bei sasa. Ile ya kwanza ya saratani ilipoingia sokoni Marekani 2017 iliwekwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja, bila kitanda wala vipimo. Wachina wameanza kujaribu kutumia seli za mtu mwingine mwenye afya zilizohaririwa jeni ili zisikataliwe, 2024 walichapisha wagonjwa watatu, hiyo ikikubali bei inaweza kushuka sana maana mtu mmoja anatoa seli za wagonjwa wengi. Mimi hiyo naiangalia kwa jicho la karibu kuliko ya Erlangen.

Jirani_wa_Kisauni

Dadangu pole kwa kumuuguza mdogo wako. Mimi niko Mombasa, mamangu ana miaka 54, vidole vimemvimba mikono yote miwili, asubuhi hawezi kukamua kitambaa cha deki wala kufunga kifungo cha buibui mpaka jua liwe limepanda ndio vinalegea. Hospitali ya kwanza waliandika ni baridi tu, akapewa za maumivu. Sasa kuna duka la dawa hapa mtaani anapewa vidonge vidogo vyeupe, akimeza siku mbili anaamka kama msichana, akiacha maumivu yanarudi mara mbili. Uso umemjaa. Ni nini hivi? Na hizo dawa za Ujerumani zina haja gani kwetu sisi?

Bint_Mzizima

Kaka yangu asante kwa kuuliza, na hapa ndo nilipokuwa napataka maana CAR-T ni habari tamu lakini maisha ya mama yako hayaisubiri.

Hivyo vidonge kwa maelezo yako vinafanana sana na prednisoloni au deksa. Hizo ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga. Ni dawa halali na zina heshima yake, kotizoni ilipotumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi pale hospitali ya Mayo Clinic Marekani 1948 watu waliona muujiza, waliokuwa hawasimami wakatembea, na 1950 watafiti wake Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Nobeli. Muda si mrefu wakagundua upande wa pili, uso kujaa, sukari kupanda, presha, mifupa kuwa laini, vidonda vya tumbo, maambukizi. Toka wakati huo mpaka leo utafiti mwingi wa hii fani ni namna ya kumtoa mgonjwa kwenye steroidi. SASA TAFADHALI asiziache ghafla kama amezimeza kwa muda, mwili unakuwa umeacha kutengeneza za kwake, anaweza kuanguka. Zinapunguzwa taratibu chini ya daktari.

Vidole vya mikono yote miwili, kuvimba, kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, mwanamke wa umri huo, hiyo ni ya kumpeleka kwa daktari wa magonjwa ya maungio au angalau fizisheni, yaani bingwa wa magonjwa ya ndani, mapema iwezekanavyo. Kwenye huu ugonjwa mfupa ukishaliwa haurudi, na dawa zikianza mapema zinafanya kazi vizuri kuliko zikichelewa, hili limeonekana kwenye tafiti nyingi sana.

Sasa dawa gani. Methotreksati. Kidonge cha zamani, hakina haki miliki ya mtu, Marekani kiliruhusiwa kwa baridi yabisi 1988 na mpaka leo ndo kinachoanza karibu kila mahali duniani, tajiri na maskini. Kinamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu wamekufa kwa kumeza kila siku. Chagueni siku moja, tuseme Ijumaa, andikeni kwa kalamu ya wino juu ya boksi IJUMAA TU, na foliki asidi, ambayo ni vitamini, ameze siku nyingine kama daktari atakavyopanga, hiyo inapunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Pombe aachane nayo. Na kwa binti anayetaka kuzaa hii dawa haifai kabisa, inaharibu mimba.

Na kuna jaribio moja nalipenda kuliko hata Erlangen. 2013, Marekani na Kanada, wagonjwa 353 ambao methotreksati peke yake haikuwatosha. Nusu wakaongezewa vidonge viwili vya bei ya chini, salfasalazini na haidroksiklorokwini. Nusu nyingine wakaongezewa sindano ya kisasa ya etanasepti ambayo bei yake mtu unakaa chini. Baada ya wiki 24 aliyekuwa hajapata nafuu anabadilishiwa upande. Wiki ya 48 matokeo yakawa hayana tofauti ya maana. Vidonge vitatu vya zamani vikasimama na sindano ya mamilioni!! Na sindano ina kazi yake, vidonge vikishindwa ndo inaitwa, lakini hii habari haikuzunguka WhatsApp hata kidogo kwa sababu hakuna kampuni itakayoitangaza.

Kuna na ya Glasgow, 2004, wagonjwa 110. Kundi moja huduma ya kawaida, kundi lingine wanaonwa kila mwezi, ugonjwa unapimwa kwa namba, kama haujatulia dozi inapanda siku hiyo hiyo. Dawa ni zile zile za zamani. Miezi 18 baadaye, waliotulia kabisa kwenye kundi la kila mwezi ni 65%, lile lingine 16%. Tofauti ni kuonwa mara kwa mara na daktari ambaye haridhiki na "afadhali kidogo". Hapo ndo ninaposema sisi tunaweza, hatuhitaji maabara ya Ujerumani kwa hilo.

Jirani_wa_Kisauni

Subhanallah. Ijumaa tu. Nimeshaandika. Kesho namtafutia miadi.

Nesi_wa_Luton

Bint umeandika vizuri mno. Mimi ni nesi huku Uingereza, niongeze kuhusu sindano. Adalimumabu, sindano ya baridi yabisi ya jamii moja na hiyo etanasepti, ilikuwa ndo dawa inayokula hela nyingi kuliko zote kwenye hospitali za NHS, huduma ya afya ya serikali huku, zaidi ya pauni milioni 400 kwa mwaka. Oktoba 2018 haki miliki ilipoisha Ulaya zikaingia nakala zake kutoka kampuni zingine na bei ikaporomoka, wakatangaza kuokoa karibu pauni milioni 300 kwa mwaka. Na WHO hizi sindano ziko kwenye orodha ya dawa muhimu toka 2019, kwa hiyo serikali zetu zina pa kuanzia kudai bei nzuri. Watu wa bima ya afya nyumbani wangelijua hili.

Ila kwetu lazima niseme kuhusu TB. Hizi dawa zinazuia kitu kinaitwa TNF, ambacho ndo kinachoshikilia vijidudu vya TB vilivyolala. Ukikizuia TB inaamka, iligundulika toka 2001. Huku kabla ya sindano ya kwanza mgonjwa anapimwa TB iliyolala na anapigwa picha ya kifua, akikutwa nayo anatibiwa kwanza. Nchi yenye TB nyingi kama yetu mtu akikuchoma sindano hiyo bila kukuuliza kikohozi, ondoka.

Mzee_wa_Kilwa

Nimewasoma wanangu. Lakini haya magonjwa ya kuvimba na mashavu kubabuka zamani tulikuwa hatuna, au tulikuwa nayo na tulikuwa tunayatibu kwa miti. Mengine ni ya kutupiwa, hospitali hayaonekani. Nina mtu hapa ana dawa ya miti ya kusaga amewainua wengi.

Bint_Mzizima

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa heshima kabisa. Mdogo wangu naye kabla ya kupimwa alisemwa sana, kwanza wakasema ameathirika, akapima hana, wakasema katupiwa. Lupasi haionekani kirahisi kwa sababu inajificha kwenye sura za magonjwa mengine, leo homa, kesho nywele zinakatika, mwezi ujao maungio, mpaka aje kukutana na daktari aliyeunganisha vyote. Kwa mdogo wangu kilichotufungua macho ni mkojo kuwa na povu kama la sabuni na kope kuvimba asubuhi. Nesi alichovya kijiti kwenye kikopo cha mkojo, kile kiraba cha protini kikatoka njano kikaenda kijani mbele ya macho yangu. Kipimo cha bei ndogo sana na kipo mpaka zahanati. Mwenye lupasi yeyote humu apimwe hicho kila anapokwenda kliniki hata kama anajisikia mzima, figo hazilii kwa sauti.

Hizo dawa za miti za kusaga, mzee, hofu yangu ni hii. Nchi nyingi wamezipima maabara dawa zinazouzwa kama za asili kwa ajili ya maungio na ndani wakakuta deksa na diklofenaki, ile ya maumivu, zimechanganywa kimya kimya. Ndo maana mtu anainuka siku ya pili. Mti wenyewe unaweza kuwa mzuri tu, aliyeuchanganya ndo mwenye kosa, na anayelipa ni figo ya mgonjwa.

Dokta_Kijana

Niko mwaka wa tano udaktari, niongezee kwenye hoja ya mzee kwamba zamani hayakuwepo maana hata wazungu waliliona hilo. Brian Greenwood akiwa Ibadan, Nigeria, 1968 aliandika kwamba magonjwa haya anayaona mara chache mno hospitalini, akahisi malaria na minyoo inayotuandama toka utotoni inaibadilisha kinga. Akachukua panya wanaozaliwa na ugonjwa unaofanana na lupasi, akawaambukiza malaria ya panya, ugonjwa ukapungua. 1970 hiyo. Mpaka leo watu wanaifanyia kazi.

Lakini isitumike kusema ni ugonjwa wa wazungu. Marekani na Uingereza wanawake weusi ndo wanaopata lupasi zaidi kuliko weupe na inawapiga figo zaidi. Na hapa nyumbani sehemu ya uhaba ni kwamba hatukupima, madaktari bingwa wa maungio Afrika Mashariki yote bado ni wachache mno.

MwanaUnguja

Assalam alaykum. Ahsante kwa darsa. Mie nauliza, kwa nini sana wanawake? Kwenye kliniki anayokwenda bi mkubwa foleni nzima wanawake, mwanamme mmoja mmoja.

Bint_Mzizima

Waalaykum salaam. Kwenye lupasi kati ya wagonjwa kumi tisa ni wanawake. Muda mrefu walisema homoni, na homoni zimo, ila miaka hii macho yamehamia kwenye kromosomu ya X. Mwanamke anazo mbili, mwanaume moja. Ile ya pili kwa mwanamke inazimwa, lakini haizimiki yote. Kuna jeni inaitwa TLR7 inakaa humo humo kwenye X, kazi yake ni kunusa virusi. 2022 timu ya Carola Vinuesa ilionyesha kwa msichana mmoja wa Hispania aliyepata lupasi akiwa mdogo sana kwamba hiyo jeni ilikuwa na kosa la herufi moja tu, ikawa inanusa vitu vya mwili kama virusi. Wakaiweka kwa panya, panya wakapata lupasi. Halafu 2024 watu wa Stanford, maabara ya Howard Chang, wakaonyesha kwamba ile molekuli yenyewe inayozima X ya pili, inaitwa Xist, ikiungana na protini zake inaweza kuiamsha kinga vibaya. Yaani kitu ambacho wanaume hawakitengenezi kabisa. Walikiweka kwa panya dume wa aina inayopata lupasi kirahisi, wakaugua karibu kama majike.

Na Nobeli ya tiba ya 2025 imekwenda huku huku. Sakaguchi wa Japani 1995 alionyesha kuna seli T ambazo kazi yake ni kuzituliza zingine, Brunkow na Ramsdell 2001 wakapata jeni inayoziendesha, FOXP3. Sasa kuna watu wanajaribu kuziongeza hizo seli tulivu badala ya kuua seli B. Bado mapema ila ndo njia inakoelekea.

Mwalimu_Bukoba

Nimefuatilia toka juu. Je kuna utafiti wowote uliofanyika huku kwetu, au sisi ni wa kusoma tu? Shuleni kwangu tulipoteza mwanafunzi wa darasa la sita, walisema vali za moyo, ilianza na koo na maungio kuuma.

Bint_Mzizima

Mwalimu pole sana, poleni na wazazi wake. Upo, tena mkubwa wa dunia, na ulifanyika jirani yako kabisa Uganda.

Huo ugonjwa unaitwa homa ya rumatiki, unaanza na bakteria wa koo. Kinga inatengeneza silaha ya kumpiga bakteria, silaha hiyo inafananisha vali za moyo na bakteria, kwa hiyo na huu ni wa kinga kushambulia mwili. Maungio yanauma wiki chache yanapona, kila mtu anasahau, moyo unaendelea kuharibika kila koo jipya linapokuja. Uganda, Emmy Okello wa Uganda Heart Institute na Andrea Beaton na wenzao waliwapima kwa ultrasaundi watoto zaidi ya 102,000 wenye umri wa miaka 5 mpaka 17. Wakaingiza kwenye jaribio 818 wenye dalili za mwanzo kwenye vali ambao wenyewe walikuwa hawajui kama wanaumwa. Nusu wakachomwa penisilini ya mwezi mwezi, nusu wakafuatiliwa tu. Baada ya miaka miwili, waliochomwa waliozidi kuharibika ni watatu, 0.8%. Wasiochomwa 33, 8.2%. Sindano ya penisilini, mwalimu! Ilichapishwa 2021 kwenye jarida lile lile kubwa ambalo Wajerumani nao walichapisha yao.

Na mwaka uliofuata likatoka jaribio lingine la nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na huo ugonjwa na mapigo yasiyo na mpangilio. Walilinganisha dawa mpya ya kuyeyusha damu, rivaroksabani, na zile za zamani aina ya warfarini. Kila mtu alitegemea mpya ishinde au angalau zilingane, lakini iliyoshinda ni ya zamani, waliokuwa wanameza hiyo ya zamani walikufa wachache. Bila kupima kwa watu wetu wenyewe tungebadilishiwa dawa kwa kufuata tafiti za wazee wa Ulaya ambao moyo wao una tatizo lingine. Ndo maana nikisikia jaribio la lupasi nauliza swali la kwanza, Waafrika wangapi wamo? Mara nyingi jibu linakera, ukizingatia ndo ugonjwa unaowapiga watu weusi vibaya.

Kwa shule yako, mtoto mwenye koo kali na homa bila mafua apelekwe, na akiandikiwa penisilini amalize. Aliyeshawahi kuambiwa ana moyo asikose sindano yake ya mwezi hata likizo.

Mtoto_wa_Tabata

Hapa nimepigwa na butwaa. Vipi kuzuia hata kabla, kwa baridi yabisi inawezekana?

Bint_Mzizima

Wamejaribu. Kuna watu kingamwili za baridi yabisi zipo kwenye damu na maungio yanauma ila hayajavimba. Uingereza na Uholanzi walichukua 213 wa aina hiyo, wengine wakapewa sindano ya abatasepti kila wiki kwa mwaka mmoja, wengine sindano isiyo na dawa. Mwisho wa mwaka walioangukia kwenye ugonjwa ni 6% ya waliopewa dawa kwa 29% ya wasiopewa. Mwaka mwingine ukapita bila dawa kwa wote, ikawa 25% kwa 37%. Kwa hiyo inachelewesha sana, kuzuia moja kwa moja bado, na haijajulikana nani hasa apewe. Kwa sasa kitu cha bure ambacho mtu wa hatari hiyo anaweza kufanya ni kuacha sigara, hiyo inachangia kabisa.

Mama_Sabra

Dada samahani nimechelewa. Mimi ni mgonjwa wa lupasi, kilo 60, nameza haidroksi viwili kila siku. Nilisikia inapofusha nikaacha kama mwezi, na pia nataka kushika mimba. Nimeogopa hata kumwambia daktari.

Bint_Mzizima

Mama Sabra usiogope, mwambie, madaktari wanakutana na hilo kila siku. Haidroksi, ile haidroksiklorokwini niliyoitaja juu, ndo dawa ambayo karibu kila mwenye lupasi anatakiwa awe nayo. Wakanada 1991 walichukua wagonjwa waliotulia wakiwa nayo, wengine wakaendelea, wengine wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa bila kujua, walioachishwa ugonjwa uliamka mara mbili na nusu zaidi ya wenzao.

Macho ni kweli yanaweza kuathirika, lakini inategemea dozi na miaka. Kiwango kinachoshauriwa ni kutozidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na mwenye figo mbovu anaangaliwa kwa ukaribu zaidi. Wewe wa kilo 60 ni 300 kwa siku, vidonge ni vya 200, kwa hiyo viwili kila siku ni 400, imezidi kidogo. Madaktari wengi huwa wanapanga kimoja leo, viwili kesho, wastani unakuja 300. Muulize wako kama akurudishe kwa mpango huo. Macho yapimwe mwanzoni, halafu kila mwaka kuanzia mwaka wa tano.

Na kwenye mimba haidroksi inaendelea, inamlinda mama na mtoto. Ila kama una methotreksati au maikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, hizo zinatakiwa kubadilishwa miezi kadhaa KABLA ya kushika mimba, na ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, mkojo ukiwemo. Nenda wiki hii, na uombe wakupime presha na kile kijiti cha mkojo hapo hapo.

Mama_Sabra

Nina maikofenoleti. Hakuna aliyewahi kuniambia. Naenda Jumatatu.